Jeraha la Asiyegongwa

Kazini walimwita Mama Vichwa, na jina lenyewe hakulipinga, maana kutwa nzima alishinda na vichwa. Vilikuwa vichwa vya chuma vilivyovikwa mpira, vyenye pua na kidevu lakini visivyo na macho, vimepangwa rafuni kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Yeye alivivalisha kofia za waendesha pikipiki, akavipandisha juu ya mnara, akaviachia vianguke juu ya pande la chuma lisilojua huruma. Ndani ya kila kichwa mlikuwa na vipimo vidogo, na kompyuta ilichora mstari uliopanda ghafla kama mlima. Akiutazama mlima ule, Mama Vichwa aliweza kukwambia kama mwenye kichwa angeamka, angelala, au angezikwa. Uhandisi huo aliusomea miaka mingi, na mara nyingi alitamani asingeujua.

Mumewe alikuwa kinyozi. "Mke wangu anashughulikia vichwa kwa ndani, mimi kwa nje," aliwatania wateja wake. "Hapo katikati mwachieni Mungu."

Hawakujaliwa watoto. Waliishi na mama yake Kinyozi, mjane aliyefanya kazi ya opareta wa simu enzi zile za kuchomeka nyaya ubaoni. Kazi ilikwisha zamani, ila namba hazikumtoka. Ukimtajia mtu, hata marehemu, alikutajia namba yake kabla hujamaliza jina. Watu wa mtaani walikuwa wakimjaribu, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Walipomhamishia kwao, jirani alimwuliza Mama Vichwa kama haoni mzigo kukaa na mama mkwe. Akajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na hakusema kwa kujipendekeza. Mama yake mzazi alifariki yeye angali mdogo. Huyu ndiye aliyemfundisha kusuka nywele zake mwenyewe na kumkemea mume bila kupaza sauti.

Ajali yenyewe, ukiisimulia, haina hata uzito wa kuitwa ajali. Ilikuwa asubuhi, wakitoka kliniki. Moyo wa mama mkwe, ambaye wote walimwita Mama tu, ulikuwa unapiga ovyo ovyo, kwa hiyo alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande upesi, na kila baada ya muda ilibidi damu ipimwe. Mama Vichwa ndiye aliyeshika usukani. Mama alikaa mbele, mkanda kifuani. Kinyozi alikuwa nyuma, na mkanda wake alikuwa ameufungua kimyakimya ili ajinyooshe.

Mkokoteni wa mbao ukachomoka kichochoroni. Mama Vichwa akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likasimama, mkokoteni ukapita salama, na kabla hajashusha pumzi, gari la mizigo lililokuwa nyuma yao likawagonga.

Haikuwa kishindo kikubwa. Taa za nyuma zilipasuka na buti likabonyea. Lakini Kinyozi alirushwa upande, paji la uso likagonga fremu ya mlango, na damu ikamtiririka mpaka shingoni. Damu ya kichwani haina haya; hata kidonda kidogo kama ukucha kinaweza kukuogesha. Kichwa cha Mama kilikwenda mbele, kikarudi nyuma, kikayumba pembeni kama ua juu ya bua laini upepo unapopita. Hakikugusa kioo, wala dashibodi, wala mtu. Kitambaa chake cha kichwa kilidondokea mabegani, akakirudisha.

"Mwanangu! Mwanangu anatoka damu!" ndiyo maneno yake ya kwanza.

Hospitalini daktari kijana alimshona Kinyozi, akammulika macho, akamwambia afuate kidole kwa macho, akamtaka aseme leo ni siku gani. Mama alikaa kwenye benchi, amelipakata shati la mwanawe lenye damu.

"Na wewe, Mama? Hujaumia?" daktari aliuliza.

"Mimi sikugonga popote. Mshone huyo. Mimi nimekaa tu."

Kila mtu akaridhika. Hakuna aliyetaja vidonge.

Tangu siku ile hofu iliingia kwa Mama Vichwa ikavua viatu, ikakaa. Aliijua habari ya mtu anayeanguka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akanywa chai, kumbe mshipa umechanika chini ya mfupa na damu inajikusanya taratibu mahali pasipo na nafasi ya kujikusanya. Fuvu halitanuki. Damu ikiingia, kitu kingine lazima kitoke, na kilichomo humo ni mtu mwenyewe. Na nani alikuwa usukani? Yeye. Nani alikanyaga breki? Yeye.

Basi akamgeuza mumewe kuwa mtihani. Alimmulika macho kwa tochi ya simu akiwa anakula. Alimfuata bafuni. Alimpigia simu kibandani kwake katikati ya kazi.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Anaitwa mama yako mkwe, na sasa hivi ametulia kuliko wewe," alijibu Kinyozi, na wateja wakasikika wakicheka. "Bibie, mimi si kofia yako unipime kila saa."

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa maswali."

Alicheka naye, lakini alipokata simu alitazama saa, apange apige tena lini.

Siku zikapita, nyuzi zikatolewa, kovu likabaki jekundu juu ya nyusi. Kinyozi alirudia utani wake wote. Aliyebadilika alikuwa mwingine, ila alibadilika polepole, na katika nyumba yenye hofu moja kubwa, hofu ndogo hazipati kiti.

Mama alisema kichwa kinamgonga kidogo, akalaumu jua. Alianza kulala mchana, yeye ambaye kulala mchana aliita uvivu wa paka. Aliweka chumvi kwenye chai akainywa yote bila kukunja uso. Ndala ya mguu wa kulia ikawa inamvuka, naye anaendelea kutembea, mguu mmoja mtupu, ndala imebaki nyuma mlangoni.

"Mama, ndala yako," Kinyozi alimwambia.

"Iko wapi?"

"Nyuma yako."

"Hata sikusikia ikitoka." Akacheka. "Uzee huu! Unakuvua viatu kabla hujafika uendako."

Nao wakacheka, kwa sababu aliisema vizuri. Jioni moja jirani alimjaribu kama kawaida, akamtajia mwenye duka la vitambaa. Mama alianza namba ile, akafika katikati, akanyamaza. Midomo ilibaki wazi. Jirani akahamisha mazungumzo kwa adabu. Mama Vichwa alikuwepo, aliona, na moyoni kitu kilimgusa kama unyoya. Lakini wakati uleule Kinyozi alipiga chafya chumbani, naye akageuza shingo kumsikiliza kama ataanguka.

Asubuhi moja kazini kulikuwa na jaribio lisilo la kofia. Kampuni ya viti vya magari ilitaka kujua mikanda yake inafanya nini. Kiti kilifungwa juu ya reli, sanamu ikakalishwa, na juu ya mabega yake wakaweka fuvu la plastiki angavu lililojazwa jeli badala ya ubongo. Juu ya jeli walikuwa wamevusha nyuzi nyembamba nyekundu hadi kwenye ukuta wa fuvu, ziwakilishe mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo.

Mwenzake, mtu mnene mpole waliyemwita Bwana Kamera kwa sababu mashine ya picha za mwendo wa polepole ilikuwa mikononi mwake, alikagua taa.

"Mbona jeli imepungua?" aliuliza Mama Vichwa. "Kuna nafasi pembeni, maji matupu."

"Ndivyo walivyotaka. Huu ni ubongo wa mzee. Ubongo unasinyaa na umri, nyuzi zinabaki zimekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Si wewe uliyenifundisha?"

Kiti kikasukumwa, kikasimamishwa ghafla. Kwa macho ya kawaida ilikuwa kama mtu aliyeitikia kwa kichwa mara moja. Hakuna kilichogongwa.

Kisha Bwana Kamera akairudisha picha polepole.

Fuvu lilikwenda mbele. Jeli ilichelewa. Fuvu lilisimama, jeli bado inaendelea na safari yake, ikajisokota upande kama uji kwenye sufuria iliyozungushwa kwa nguvu. Fuvu lilipoanza kurudi, jeli ilikuwa bado inakwenda. Nyuzi nyekundu zilivutika, zikavutika, zikawa nyembamba kama unywele. Mmoja ukakatika. Ncha zake mbili zikaelea majini, kila moja upande wake.

"Umeona huo?" alisema Bwana Kamera kwa furaha ya kazi. "Na hakikugonga popote."

Masikioni Mama Vichwa alisikia sauti nyingine, ya mwanamke aliyepakata shati lenye damu: mimi sikugonga popote. Ndala mlangoni, chumvi kwenye chai, namba iliyoishia katikati, usingizi wa mchana, na vile vidonge, vile vidonge! Mambo yote aliyokuwa akiyatafuta kwa mumewe yalikuwa yamekaa naye mezani kila siku, kwa mtu mwingine, akayacheka.

Alipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na safari hii ikapokewa.

"Mama?"

Pumzi nzito. Kisha sauti ya Mama ikaja, safi, ya kiofisi, ya ujana ambao Mama Vichwa hakuwahi kuukuta:

"Namba gani, tafadhali?"

"Mama, ni mimi. Mkweo."

"Laini hiyo ina kazi. Subiri kidogo... subiri... ki..."

Neno lilivutika likalegea. Simu ikasikika ikianguka, ikabaki wazi, na nyuma yake hakuna kitu.

Akampigia mumewe, ambaye kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa wao. "Kimbia nyumbani. Mama. Usiulize, kimbia!" Kinyozi alikimbia na wembe mkononi, mteja kabaki kitini na nusu ndevu. Mama Vichwa alichukua funguo za gari, lakini vidole vilikataa; funguo zilianguka mara mbili. Bwana Kamera akaziokota bila neno, akaenda akaketi yeye usukani.

Njiani, kila gari lililosimama mbele yao lilimfanya ashike dashibodi. Alikuwa anaomba, lakini dua ilikuwa imechanganyika na hesabu: damu imekwisha jaa kiasi gani, imesukuma kiasi gani, bado kuna nafasi kiasi gani.

Walimkuta Mama sakafuni jikoni, ameegemea miguu ya mwanawe. Mdomo ulikuwa umeshuka upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala kama si wake. Kinyozi alikuwa anampapasa shavu na kurudia, "Mama, niangalie. Mama, niangalie," na Mama alikuwa anaangalia, ila alikuwa anaangalia kitu kilicho nyuma ya ukuta.

Mama Vichwa alipiga magoti, akamfungua kope. Mboni ya kulia ilikuwa ndogo. Ya kushoto ilikuwa kubwa, nyeusi, tulivu, kama mlango ulioachwa wazi. Alikuwa amelitafuta jicho hilo kwa mumewe kwa majuma. Sasa alipolipata, alitamani kulifumba na kujifanya hakuliona.

"Ni nini?" Kinyozi aliuliza. "Wewe unajua. Sema ni nini."

"Tumbebe taratibu. Mshike kichwa na shingo pamoja. Usimtikise, tafadhali, usimtikise."

Hospitalini walipokelewa na daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini.

"Aligonga kichwa lini?"

"Hakugonga," alisema Mama Vichwa. "Gari lilisimama ghafla, tukagongwa kwa nyuma. Kichwa kilirushwa tu. Anatumia vidonge vya kuzuia damu kuganda. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Daktari alimtazama mara moja, si kwa lawama, kisha akageuka na kuanza kuagiza. Picha ya kichwa ilipotoka aliwaonyesha wenyewe. Upande wa kushoto, kati ya mfupa na ubongo, palikuwa na kitu kilichopinda kama mwezi mwandamo. Ubongo wote ulikuwa umesogezwa ng'ambo, kama watu kwenye kitanda kimoja wanaosukumwa na mgeni.

"Hii imekuwa ikivuja kidogo kidogo," daktari alisema. "Nyingine ni ya zamani, nyingine ya leo. Inabidi tuitoe. Lakini nikimfungua na damu yake ilivyo hivi, haitakoma. Tunampa dawa ya kurudisha mgando kwanza. Mnisubiri."

Kusubiri kule ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote. Dawa ilidondoka tone baada ya tone kwa mwendo wake, haina habari na mtu. Mama alikoroma kwa namna ambayo haikuwa usingizi. Nesi akaja na mashine ya kunyolea, akaanza kupitisha haraka haraka upande wa kushoto, nywele nyeupe zikidondoka kwenye shuka.

"Dada, nipe mimi," Kinyozi alisema. "Ni mama yangu. Ndiyo kazi yangu."

Nesi aliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. "Kaka yangu," alisema kwa upole, "leo si siku yako ya kazi." Akaendelea.

Milango ikafunguka, kitanda kikapita, milango ikafungwa.

Walikaa kwenye viti vya plastiki vya korido. Bwana Kamera aliwaletea chai, ikapoa. Kinyozi alitazama vidole vyake, akauliza bila kuinua uso:

"Ulijua kwamba inawezekana? Mtu asigonge, halafu iwe hivi?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nafundisha watu. Kila mwaka nasimama mbele yao nafundisha." Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Damu ilikuwa kwako. Macho yangu yakaifuata damu."

Alingoja mumewe amwambie neno ambalo asingelisahau. Alikuwa tayari kulipokea. Kinyozi akapangusa uso kwa kiganja, kile kiganja chenye harufu ya poda.

"Mimi nakula naye kila mchana," alisema mwishowe. "Juzi kijiko kilimtoka mkononi. Nikamwambia, Mama, umeanza kurusha vyombo kama bibi harusi aliyekosewa. Tukacheka wote." Mkewe akamshika mkono, naye hakuuondoa. Wakabaki hivyo, kila mmoja na woga wake, mikono tu ndiyo iliyokutana.

Daktari alipotoka, alama ya barakoa ilikuwa bado imemkaa shavuni. Mama Vichwa alijaribu kuusoma uso ule kama anavyosoma mistari ya kompyuta, akashindwa.

"Tumetoboa matundu mawili. Damu imetoka, ubongo umeanza kurudi mahali pake," alisema. "Sasa mwenyewe ndiye atakayetuambia."

Mwenyewe hakusema lolote siku ile, wala iliyofuata. Alifumbua macho, akayafumba. Mboni zote mbili zilikuwa sawa, lakini Mama Vichwa alizikagua mpaka nesi akamwomba apumzike. Kisha asubuhi moja, Kinyozi akiwa anamlowesha midomo kwa pamba, Mama aliinua mkono wa kushoto, akapapasa bandeji, akapapasa upande ulionyolewa, akapapasa upande wenye nywele.

"Nani," alisema taratibu, ulimi mzito, "kaninyoa vibaya hivi? Na mtoto wangu ni kinyozi?"

Kinyozi alitoka nje ya wodi akalia kama aliyefiwa, mpaka mlinzi akaja kumpa pole.

Waliporudi nyumbani, kidonda kilipofunga, alimketisha mama yake barazani, akamfunga shuka shingoni, akamnyoa kichwa kizima kikawa sawa. Alichukua asubuhi nzima. Alipofika kwenye makovu mawili aliinua mashine, akapulizia kwa mdomo, akatumia mkasi.

Si yote yaliyorudi. Mkono wa kulia ulibaki mzembe. Kijiko aliita "ile ya kuchotea", na mlango aliuita jina hili na lile. Namba nyingi zilipotea. Wakati mwingine alikaa akizitafuta kwa midomo, na hapo kila mtu nyumbani alijifanya ana shughuli. Daktari aliwaambia wazi: damu hii huweza kurudi. Kichwa kikimuuma, akisinzia ovyo, mguu ukilegea, mleteni, msingoje kesho.

Maneno hayo Mama Vichwa alikuja nayo nyumbani na hayakutoka. Alichukua likizo. Alisimama nje ya mlango wa bafu akisikiliza maji. Maji yakinyamaza, moyo nao ulisimama.

"Mama?"

"Nipo. Najipangusa. Au nako kuna kipimo?"

Asubuhi moja Mama alivaa kanzu yake ya kutokea, akafunga kitambaa juu ya nywele zilizoanza kuota, akasema anakwenda kwa jirani.

"Ngoja nikusindikize."

"Usinisindikize. Nyumba ya jirani naijua."

"Mama, ukianguka..."

"Nikianguka utasikia. Jirani ana mdomo." Akamshika mkwewe kidevu kwa mkono ule dhaifu. Vidole vilikuwa vyepesi mno. "Mwanangu, hata mimi naogopa. Usidhani ni wewe peke yako. Naamka najitajia majina ya vitu chumbani, nione kama vipo vyote. Lakini nikikaa humu ndani tukiogopeana, si nimeshazikwa? Niache niende."

Akatoka. Mama Vichwa alihesabu pumzi, kisha akashindwa, akatoka nyuma yake, viatu mkononi asisikike. Mama alitembea taratibu kwenye kivuli cha ukuta, mguu wa kulia ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake wa kushoto, akiinua mkono kumsalimu huyu na yule. Palikuwa na mtaro wa maji kabla ya lango la jirani. Akasimama mbele yake. Akauangalia. Mama Vichwa aliziba mdomo.

Mama akashika nguzo, akavuka.

Kisha, bila kugeuka, akapaza sauti: "Nimekuona! Nenda kazini!"

Mama Vichwa alibaki amesimama miguu mitupu katikati ya mtaa, machozi yanamtoka na cheko linamtoka. Lango la jirani likafunguka, likafungwa. Alisikiliza. Alisikia viti vikisogezwa, kikombe kikiwekwa juu ya sahani, sauti mbili za wanawake zikiulizana hali. Hofu haikumwachia; alijua haitamwachia leo wala mwezi ujao. Aliinama akavaa viatu, kimoja kimoja, akaenda kutafuta funguo za gari.